Kindu, Mji Uliozaliwa na Reli



Reli ya Kongolo–Kindu, kilometa 355, ilifunguliwa mwaka wa 1911, sababu maporomoko ya Lualaba yalizuia meli. Hapa stesheni, mizigo ilishushwa kutoka garini moshi ikapakiwa melini kwenda Ubundu. Wafanyakazi walitoka pande nyingi, mji ukakua. Vita vya 1998 vilikata njia. Treni ikarudi 2004.

Basi wewe mwenyeji, kabla ya kumwambia mkimbizi “rudi kwenu”, uliza babu yako alifikaje Kindu. Katiba ya 2006, kifungu cha 30, yampa kila mtu haki ya kukaa anapochagua, kwa kufuata sheria. Nawe uliyekimbia, jijulishe kwa mkubwa wa mtaa: haki hutembea na wajibu.