Ukarabati wa Saa ya Umeme: Funzo la Historia

Tunapoona saa kuukuu ya umeme ya ukutani inachelewa, aghalabu tunailaumu mashine yake. Historia yatufunza vingine. Mwaka 1916, Henry Warren wa Ashland, Massachusetts, Marekani, alikuwa amebuni saa ambayo mota yake hufuata mizunguko ya umeme. Kwa kuwa mizunguko hiyo ilikuwa ikibadilikabadilika, saa zilikosea. Warren akakipa kituo cha kufulia umeme mjini Boston saa kuu yenye akrabu mbili: moja ikiendeshwa na pendulamu, nyingine na umeme wa kituo. Mafundi walirekebisha mwendo wa mitambo ili akrabu hizo zisiachane.

Kwa hiyo, fundi akishasafisha saa ya aina hii na kuitia mafuta, hana budi kuuliza iliundiwa umeme upi. Ya Marekani hutegemea mizunguko 60 kwa sekunde; umeme wetu Afrika Mashariki una 50. Transfoma hupunguza volti, haibadilishi mizunguko. Saa hiyo, hata ikiwa nzima, hapa itachelewa dakika 10 kila saa.

Sisi walimu wa lugha tusishangae. Neno nalo, likitengwa na jamii inayolitumia, hupotosha: akrabu kwa Kiarabu ni nge pia.