Deki iliyotangulia stesheni

Wadau, najua nimepotea. Si safari wala homa, ni mkanda. Mkanda wa video wa harusi ya wazazi wangu, mwaka 1996, ambao Mama alinikabidhi mwezi uliopita ukiwa kwenye mfuko wa rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo mnaweza kukisia umekaa kabatini muda gani. Akaniambia, "Wewe si ndiye mwandishi wa habari? Hangaika nao. Nataka kumsikia mama yangu."

Bibi alifariki mwaka 2000. Mimi nilikuwa na miaka miwili, simkumbuki hata kidogo. Picha zake tunazo mbili, zote amenuna kama watu wa zamani walivyonuna mbele ya kamera. Sauti yake iko mahali pamoja tu duniani: kwenye ule mkanda, pale anapotoa nasaha kwa maharusi.

Nikaupeleka studio moja hapa Dar wanakohamisha mikanda kwenda kwenye kompyuta. Kijana akautumbukiza kwenye deki yao. Picha ikaja nyeusi na nyeupe, inapanda juu na kurudi chini bila kutulia, na sauti ikatoka nzito, ya kujikokota, kila mwanamke ukumbini akawa na sauti ya dereva wa lori. "Broo, huu umekufa," akasema. Nikalipa hela ya kuangaliziwa, nikaondoka nikiwaza nitamwambiaje Mama.

Sikumwambia. Nikaanza kusoma, maana ndiyo dawa yangu kila nikishindwa na jambo.

Nilichokutana nacho kwanza ni kwamba tatizo la kurekodi picha ya televisheni lilikuwa tatizo la mwendo. Picha ina taarifa nyingi mno kuliko sauti, kwa hiyo mkanda ungetakiwa kukimbia kwa kasi ya kutisha mbele ya hedi. Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ya Marekani ilionyesha suluhisho mjini Chicago: badala ya kukimbiza mkanda, zungusha hedi. Mashine yao ilitumia mkanda wenye upana wa sentimita 5, iliuzwa kama dola 50,000, na wanunuzi walikuwa vituo vya televisheni. Wala usiwaze kuiweka sebuleni.

Wajapani ndio walioileta sebuleni. Sony walitoa Betamax mwaka 1975, JVC wakatoa VHS mwaka 1976. Ndani ya deki ya VHS kuna kingoma kidogo cha chuma kilicholala kwa mshazari, chenye hedi ubavuni. Mkanda unajiviringisha kukizunguka na kutembea polepole, sentimita mbili na ushee kwa sekunde, huku kingoma kikizunguka mara 25 kila sekunde. Hedi zinaandika mistari ya mshazari kama mtu anayekata vitunguu. Ndiyo maana mkanda wa upana wa sentimita 1.27 uliweza kubeba filamu nzima.

Betamax ilisifiwa kwa picha nzuri, lakini kaseti zake za mwanzo zilirekodi saa moja. VHS ilirekodi mbili. Vita ile ina sababu nyingine nyingi, zikiwemo bei na JVC kuwaruhusu wenzao watengeneze deki za VHS, ila mimi namuelewa sana mtu aliyechagua saa mbili. Mtanielewa mkifika mwisho. Mwaka 1988 Sony wenyewe walinyoosha mikono na kutangaza kwamba nao watatengeneza deki za VHS.

Sasa kuna jambo lililonifanya niweke kikombe cha chai mezani. Marekani deki iliuzwa kama chombo cha kurekodi vipindi vya televisheni ili uvitazame baadaye. Hollywood waliichukia kiasi cha kwenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si kosa. Kwao chombo kile kilikuwa mtoto wa stesheni.

Tanzania Bara hapakuwa na stesheni!

Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mapema miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati Afrika Kusini na utajiri wake wote ilianza kurusha mwaka 1976. Kenya walikuwa nayo tangu 1962, Uganda 1963. Sisi wa Bara, serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa ambayo nchi maskini haiwezi kuibeba, na redio inatosha. Unaweza kubishana na uamuzi huo mpaka asubuhi (mjomba wangu na Baba hubishana kila Idi), lakini matokeo yake ni kwamba tulikaa mpaka mwaka 1994, vituo vya binafsi kama ITV vilipoanza, baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993.

Deki hazikusubiri. Ziliingia na mabaharia, na waliosoma nje, na wafanyabiashara waliotoka Dubai na Muscat. Baba anasimulia kwamba mtaani kwao Temeke nyumba yenye "TV" ilikuwa na maana ya nyumba yenye deki. Ukizima deki, unabaki na chenga tupu, labda uwe na antena ndefu kama mnazi ya kunasia Zanzibar usiku hali ya hewa ikiwa nzuri. Kwa hiyo kizazi kizima cha Bara kilijifunza televisheni kinyumenyume: mkanda kwanza, matangazo baadaye. Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi, maana mpaka leo wazee wakitaka kusema filamu wanasema "mkanda". "Ule mkanda wa Bruce Lee."

Ndipo vikazaliwa vibanda vya video. Benchi, pazia jeusi, TV ya chogo, kiingilio cha shilingi chache. Na kwa vile mikanda ilikuwa ya Kihindi, ya Kichina na ya Kiingereza, akapatikana mtu wa kutafsiri. Jina linalotajwa zaidi ni Lufufu, ambaye jina lake halisi ni Derek Gaspar Mukandala, aliyesimulia filamu za nje kwa Kiswahili hadi sauti yake ikawa inauzwa ndani ya mikanda yenyewe. Kazi ya aina hiyo haidai mitambo ya ajabu: deki mbili, mashine ya kuchanganya sauti na maikrofoni. Kila nakala ilikuwa na ukungu kuliko iliyotangulia, kwa sababu mkanda ukinakiliwa hupoteza kitu kila mara. Mikanda mingi iliyozunguka mitaani ilikuwa nakala ya nakala ya nakala.

Basi nikiwa bado nasoma, nikakutana na maneno mawili: PAL na NTSC. Nikaruka kitini.

Umeme wa kwetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60. Televisheni za mwanzo zilifuata umeme, kwa hiyo kwetu picha ni 25 kwa sekunde zenye mistari 625, kwao ni karibu 30 zenye mistari 525. Rangi nazo zimefungwa kwa njia tofauti. Ukiweka mkanda wa Kimarekani kwenye deki isiyojua isipokuwa PAL, inauvuta taratibu kuliko inavyopaswa. Picha inapanda na kushuka, rangi inatoweka, sauti inakuwa nzito.

Nikampigia Baba mdogo, ndiye aliyeshika kamera siku ile. "Kamera uliinunua wapi?"

"Nilirudi nayo kutoka Marekani. Nilikuwa nasoma kule. Kwa nini?"

Mkanda haukuwa umekufa. Ulikuwa unazungumza lugha nyingine.

Kupata deki ya mfumo zaidi ya mmoja si kazi ndogo siku hizi. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Nilizunguka Kariakoo siku mbili mpaka nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee, na shikamoo yangu akaipokea bila kuinua macho. Juu ya rafu yake ilikuwepo, imetoka Dubai, ina swichi ya PAL na NTSC. Kwanza aliufungua mkanda na kunionyesha vumbi jeupe pembeni. "Fangasi. Joto la pwani hili. Ukiuweka hivi, unaniulia hedi." Akausafisha taratibu kwa mikono, nusu siku nzima.

Jumamosi nikampeleka Mama. TV ya chogo ya fundi, viti viwili vya plastiki. Picha ikaja na rangi zake zote, zimepauka kidogo. Keki, matarumbeta, Baba mwembamba kama ufagio. Fundi akatutoka, akaenda kunywa kahawa nje.

Ikachukua karibu saa mbili kufika kwa Bibi. Akasimama, akashika maikrofoni kwa mikono miwili. Sauti nyembamba, ya haraka, ina kithembe ambacho Mama anacho na mimi ninacho. Akasema, "Mwanangu, mimi maneno yangu ni matatu." Akasema la kwanza, kuhusu subira. Akavuta pumzi.

Chenga.

Kaseti ya saa mbili ilikuwa imeisha. Nilimpigia tena Baba mdogo palepale, akanyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa na mkanda mmoja tu.

Mama hajui la pili wala la tatu; anasema siku ile alikuwa analia, hakusikia kitu. Akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha mara sita, mpaka fundi alipoingia na kusema hedi zinataka kupumzika.