Korongo Wawili Juu ya Barafu ya Gauli



Vita vinapokwisha, vyombo vilivyoundwa kwa ajili yake havitoweki mara moja. Vingine huozea maghalani. Vingine, kwa nadra, huja kutenda jema ambalo waundaji wake hawakulikusudia. Ndivyo ilivyotokea katika milima ya Alpi, nchini Uswisi, mwaka 1946.

Novemba 19 ya mwaka huo, ndege ya Jeshi la Marekani aina ya C-53 iliondoka Munich kuelekea kusini mwa Ufaransa, ikiwa na watu 12. Miongoni mwao walikuwamo mama mzazi wa rubani na msichana wa miaka 11. Katika mawingu mazito ndege ilipotea njia, ikagonga mto wa barafu wa Gauli, kwenye kimo cha mita 3,350 hivi. Theluji nene iliipokea, ikateleza na kusimama. Baadhi ya abiria walijeruhiwa, lakini hakuna aliyekufa.

Hata hivyo, kifo kilikuwa karibu. Baridi ilikuwa kali mno na chakula haba. Zaidi ya hayo, wahanga walidhani wameangukia upande wa Ufaransa, na huko ndiko walikotafutwa kwanza. Lakini katika kiwanja cha ndege za kijeshi cha Meiringen, Uswisi, wito wao wa redio ulisikika kwa nguvu kubwa. Sauti ya namna hiyo haiwezi kutoka mbali. Novemba 22 mabaki ya ndege yakaonekana kutoka angani.

Siku iliyofuata, wanajeshi wawili wa Uswisi waliwafikia wakiwa juu ya mbao za kutelezea, baada ya mwendo wa saa 13 hivi. Kuwateremsha majeruhi kwa miguu kungekuwa kazi ya hatari kubwa. Ndipo, Novemba 24, marubani Victor Hug na Pista Hitz walipotua juu ya barafu kwa ndege mbili ndogo zilizofungwa mbao za kutelezea badala ya kutegemea magurudumu pekee. Zilikuwa ndege za Kijerumani ziitwazo Storch, yaani korongo, zilizobuniwa kwa matumizi ya jeshi. Kwa safari kadhaa, wote 12 wakateremshwa wakiwa hai.

Tukumbuke jambo moja zaidi. Aprili 1, 1944, ndege za Marekani zilikuwa zimeupiga mabomu kwa makosa mji wa Schaffhausen, katika Uswisi isiyopigana vita, na kuua watu wapatao 40. Miaka miwili na nusu haitoshi kukausha machozi ya mji. Lakini wito ulipotoka juu ya barafu, waokoaji hawakuuliza kwanza deni la nani ni kubwa.

Tukio hilo huhesabiwa kuwa chanzo cha uokoaji wa angani katika Alpi; mwaka 1952 Waswisi waliunda shirika lao la kazi hiyo. Barafu nayo, kwa kuyeyuka, imeanza kurudisha ilichokificha: pangaboi la ndege lilionekana mwaka 2012, na mwaka 2018 jeshi likaondoa vipande vingine vya mabaki.

Vyuma hivyo vimekaa barafuni zaidi ya miaka 65. Watu walikaa siku tano tu, kwa sababu wapo waliosikiliza vema, wakaenda mahali sauti ilikotoka.