Mtunzi na Hakimu Wake: Kujikosoa katika Historia ya Utunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili ambazo zikiwekwa pamoja huonekana kugombana. Ya kwanza husema haraka haraka haina baraka. Ya pili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtunzi huishi baina ya methali hizo. Akiitoa kazi kabla haijaiva, hulaumiwa. Akikaa nayo akilipima kila neno, miaka hupita na karatasi hubaki nyeupe. Wahakiki wameandika mengi juu ya makosa ya haraka, lakini machache juu ya hasara ya mtunzi anayejihukumu hata asitunge.

Mhadhara huu unakusudia kulichunguza jambo hilo la pili kwa njia ya historia. Hoja yake ni kwamba katika mapokeo ya kale kujikosoa kulikuwa na wakati wake na mahali pake: kulikuja baada ya utungo, na kulifanywa pamoja na watu wengine. Katika karne ya 20 hakimu alisogezwa taratibu hadi akafika mwanzoni mwa kazi, ndani ya nafsi ya mtunzi. Mabadiliko hayo yana faida zake, lakini yana gharama pia.

Unyenyekevu wa watunzi wa tenzi

Msomaji wa tenzi za kale hukutana mara kwa mara na mtunzi anayejishusha. Huanza kwa kumsifu Mungu, huagiza wino na karatasi, kisha mwishoni hutaja jina lake, pengine na tarehe na idadi ya beti, na kuwaomba wasomaji wamsamehe palipopungua. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utendi wa mawaidha mnamo 1858 akiwa mgonjwa, aliufuata utaratibu wa namna hiyo.

Ni rahisi kuyaona maneno hayo kuwa ada tupu. Hata hivyo, ada hiyo ilikuwa na kazi. Mtunzi alikiri upungufu wake mara moja, hadharani, kisha akauachia utungo uende. Aliyesoma alikuwa na ruhusa ya kusahihisha, na aliyenakili kwa hati za Kiarabu aliweza kubadili neno au kupanga upya beti. Ndiyo maana nakala za tungo kubwa, Al-Inkishafi ikiwa mojawapo, hutofautiana. Kwa mwanafilolojia hilo ni tatizo. Kwa mtunzi wa zama hizo lilikuwa nafuu. Hakulazimika kuubeba peke yake mzigo wa ukamilifu.

Hali ilikuwa hivyo pia kwa mashairi ya kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya miaka ya 1776 na 1840, alitungia watu waliomjua na waliokuwa tayari kumjibu. Tungo zake zilihifadhiwa vichwani mwa watu, zikakusanywa na Mwalimu Sikujua kwa ushirikiano na W. E. Taylor, na hatimaye kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo cha mtunzi. Hukumu juu ya tungo hizo ilitolewa na kumbukumbu ya jamii: lililopendwa lilibaki, lililopwaya lilisahauliwa. Nyani haoni kundule, na mapokeo hayo hayakumtaka mtunzi aione kasoro yake mwenyewe kabla wengine hawajaiona.

Kamati na kanuni

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia usanifishaji katika nchi za Afrika Mashariki. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kusoma miswada ya vitabu vya shule na kuthibitisha kwamba lugha yake inakubalika. Kwa mara ya kwanza mwandishi wa Kiswahili alianza kazi akijua kwamba ofisini kuna msomaji asiyemjua, mwenye kalamu ya kusahihisha, ambaye uamuzi wake hutolewa kabla umma haujausoma mswada. Lahaja ya nyumbani, iliyokuwa utajiri wa mtunzi wa Lamu au Mvita, sasa iliweza kuhesabiwa kuwa kosa.

Katika ushairi, kitabu kilichokuwa na athari kubwa ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha Kaluta Amri Abedi, kilichotoka mwaka 1954. Haitakuwa haki kukilaumu. Kiliyaweka wazi mambo ambayo awali yalifundishwa kwa kusikiliza tu, na kwa njia hiyo kiliwafungulia mlango watu wa bara ambao hawakukulia katika mabaraza ya pwani. Lakini kanuni iliyoandikwa hutenda kazi tofauti na kanuni iliyosikika. Aliyekulia katika ushairi hutunga kwanza, na sikio lake humwonya mizani ikipungua. Aliyezisoma sheria kitabuni huweza kuanza na sheria, akahesabu vidoleni, akakifuta kila kipande kabla ubeti haujapata pumzi.

Mgogoro wa miaka ya 1970

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha Kichomi mwaka 1974, diwani iliyokuwa na mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mabishano yaliyofuata yanafahamika. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi waliutetea uhuru wa mtunzi, hasa katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya mwaka 1979, na washairi wa kimapokeo wakasisitiza kwamba kisicho na vina na mizani si shairi. Aghalabu mgogoro huo huelezwa kuwa ni wa umbo. Chini yake lilikuwamo swali zito zaidi: nani ana haki ya kujiita mtunzi wa Kiswahili? Kijana ambaye lugha yake ya kwanza haikuwa Kiswahili aliweza kujitoa mashindanoni kabla hajaandika mstari mmoja.

Hata hivyo, uhuru nao ulikuja na adha yake. Vina na mizani, pamoja na ugumu wake, humwambia mtunzi lini kazi imekwisha: ubeti ukitimia umetimia. Mtunzi wa shairi huru hana kengele hiyo. Kila mstari ungeweza kukatwa mahali pengine, na kila neno lingeweza kuwa jingine. Amemkimbia hakimu wa nje, lakini sharti amtafute wa ndani, na wa ndani hana saa za kufunga ofisi. Katika mwaka huohuo wa 1974 Kezilahabi alitoa riwaya ya Kichwamaji, ambamo msomi kijana Kazimoto anawaza na kujihoji hadi anajiua. Riwaya hiyo haihusu utunzi, lakini inaonyesha ni wapi fikra inayojirudia bila kupata wa kuijibu inaweza kumfikisha mtu.

Mfano wa Sauti ya Dhiki

Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 nchini Kenya kwa ajili ya kijitabu Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972. Gerezani alitunga mashairi akayaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata.

Hapa hapana nia ya kuisifu dhiki. Kifungo si shule ya utunzi. Linalofaa kuangaliwa ni mpangilio wa kazi. Mtunzi huyu, aliyekulia miongoni mwa washairi wa Mvita, hakuzichukua vina na mizani kuwa mtihani wa kufaulu, wala hakuiona lahaja yake kuwa kosa. Alitunga kwanza. Uhakiki ulikuja baadaye, kitabu kilipopewa utangulizi na Shihabuddin Chiraghdin, mjuzi wa ushairi uleule wa Mombasa. Mpangilio huo unafanana na ule wa watunzi wa tenzi kuliko ule wa mwandishi anayemwogopa msomaji wa ofisini.

Hitimisho

Historia hii haifundishi kwamba mtunzi asijikosoe. Hakuna fasihi iliyokua bila ukali. Inachofundisha ni kwamba ukali una zamu yake. Ukitangulia utungo huwa kufuli. Ukiufuata huwa tupa ya kunolea. Tena hufaa zaidi ukishirikisha wengine, kwa kuwa jicho moja huchoka na hurudia kuona kosa lilelile.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili jambo hili si la kale. Miswada mingi haikataliwi na mchapishaji yeyote. Hukataliwa na wenyewe walioianza. Wahenga walikwisha kunena kwamba mchagua jembe si mkulima. Shamba hulimwa kwa jembe lililopo, na magugu hupaliliwa baada ya mbegu kuota.