Kuingia dosari, kutia dosari

Mtu akichomeka flashi kwenye kompyuta na picha za harusi zikakataa kufunguka, husema neno moja: imekorapti. Neno hili limeshaota mizizi kwa mafundi simu na kwenye stesheneri, nami sina ugomvi nalo. Linatosha kueleza hasara. Halitoshi tunapofika kwa wahandisi wanaoiharibu data kwa makusudi, kwa mpango na kwa hesabu, ili kujua kama programu zetu zinaweza kustahimili siku mbaya. Kazi hiyo inahitaji jina lake, na naamini Kiswahili kinalo tayari.

Kwanza kazi yenyewe. Mfumo wa faili ni ile sehemu ya kompyuta inayojua kila faili imekaa wapi kwenye diski. Ili kuyajua hayo, mfumo hutunza madaftari yake: majina, ukubwa, wenye faili, nafasi zilizo wazi na zilizojaa. Madaftari hayo ndiyo metadata. Picha ikipoteza biti moja huenda ukaona doa dogo, au usione kitu. Daftari likipoteza biti moja, folda nzima yaweza kutoweka, au faili mbili zikaamini kwamba nafasi moja ni ya kila moja yao. Na biti hupotea kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia diski milioni 1.53 kwa miezi 41, ukakuta zaidi ya mara 400,000 ambapo data iliyosomwa haikulingana na namba yake ya uhakiki, yaani ile namba fupi inayokokotolewa kutokana na data na kuhifadhiwa ili baadaye ipimwe nayo.

Kwa hiyo mifumo ya faili ina wakaguzi na wakarabati wake. Kwenye Unix programu ya fsck imekuwepo tangu miaka ya 1970. Mfumo wa faili wa XFS una xfs_repair. Lakini utajuaje kwamba mkarabati anaijua kazi yake? Diski mbovu haziji kwa ratiba, na ikija moja, ubovu wake ni wa aina moja kati ya maelfu. Njia iliyobaki ni kuutengeneza ubovu mwenyewe.

Hapo ndipo maneno yanapoanza kutusumbua. Wapo wanaopendekeza ufisadi. Asili yake ya Kiarabu inagusa kuoza na kuharibika, hivyo kwa mizizi lingefaa. Ila msomaji wa leo akikuta “ufisadi wa data” atafikiria wizi wa mali ya umma, na hatakuwa amekosea, maana ndivyo neno linavyotumika. Uharibifu nao una kasoro nyingine. Gari lililoharibika haliendi. Mfumo wa faili uliopatwa na haya huendelea kwenda, na hatari yake kubwa iko hapo hapo. Wanaohifadhi mahindi wana neno la hali hiyo: punje iliyobunguliwa. Ganda zima, ndani unga. Ningefurahi kuona data iliyobunguliwa ikitumika kwa ule ubovu wa kimyakimya ambao hakuna aliyeutambua bado. Na “udungaji wa hitilafu”, ambao nimeuona ukijaribiwa, unaleta sindano mahali ambapo Mswahili hakuwa na sindano kichwani. Tena hitilafu kwetu hutokea yenyewe, kama ile ya umeme.

Sikiliza badala yake watu wanavyosema. Sherehe iliingia dosari. Aliyekuja kulewa aliitia dosari. Nomino ni moja, vitenzi viwili, na kati yake kuna tofauti yote tunayoitafuta: katika kuingia hakuna mtendaji, katika kutia yupo na anajulikana. Data iliyopata ubovu kwa umeme kukatika au diski kuchakaa imeingia dosari. Data iliyoharibiwa na mjaribu imetiwa dosari. Kazi yake ni utiaji dosari, na chombo chake ni kitia dosari, kwa mkondo ule ule uliotupa kinasa sauti, kipaza sauti na kizimamoto.

Historia yenyewe ya fani hii ilipita kutoka kitenzi kimoja kwenda kingine. Mwaka 1988 Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikuwa akitumia kompyuta ya chuo kupitia laini ya simu usiku wa mvua ya radi. Kelele za laini ziliingiza herufi za ovyo kwenye amri zake, na programu za kawaida kabisa zikaanguka. Akawapa wanafunzi wake kazi ya kuzirushia programu herufi za ovyo kwa makusudi. Dosari iliyokuwa ikiingia yenyewe ikaanza kutiwa.

Ila kurusha ovyo hakutoshi kwa mfumo wa faili. Sehemu kubwa ya diski ni picha, video na nafasi tupu. Ukigeuza biti bila kuchagua, mara nyingi hutagusa daftari lolote. Watafiti wa chuo hicho hicho mwaka 2005 walitia dosari kwa kuzingatia aina ya bloku, yaani kipande cha diski: hapa orodha ya majina, pale ramani ya nafasi wazi, na kadhalika. Walionyesha kwamba mfumo wa ext3, uliokuwa ukitumika sana kwenye Linux, ulipuuza makosa ya kuandika, wakati ReiserFS ulichagua kusimamisha mfumo mzima kuliko kuendelea na shaka. Tabia hizo mbili zisingeonekana kwa kupigapiga diski gizani.

Kuna ugumu mwingine unaonivutia zaidi. Mifumo kadhaa ya sasa huweka namba ya uhakiki kwenye kila bloku ya metadata. Geuza biti moja, namba inakataa, bloku inarudishwa mlangoni. Vizuri, lakini ukaguzi wote ulio ndani ya mlango huo haujajaribiwa hata kidogo. Kwa hiyo xfs_db, chombo cha XFS, humpa mjaribu njia mbili: kuandika dosari na kuiacha namba ya zamani, au kuandika dosari kisha kukokotoa namba mpya inayolingana nayo. Ya kwanza ningeiita dosari wazi, ya pili dosari yenye kibali. Hii ya pili ndiyo inayofanana na kosa la programu yenyewe, ambayo huandika upuuzi na kuupigia muhuri halali.

Halafu kuna mbegu. Kitia dosari huchagua biti kwa bahati nasibu, lakini bahati hiyo huanzia kwenye namba moja, ndiyo mbegu, na namba ile ile juu ya nakala ile ile ya diski huzaa dosari zile zile. Bila mbegu, mjaribu ana kisa tu cha kusimulia. Akiwa nayo, mwenzake aliye nchi nyingine anaweza kukiona kisa hicho kwa macho yake. Nakala nayo ni sharti: chombo cha namna hii hakielekezwi kamwe kwenye diski yenye kazi za watu.

Kipimo cha mkarabati ni kumwendesha mara mbili. Mara ya pili asikute kitu. Akikuta, basi mara ya kwanza alisema uongo kwamba amemaliza, au alileta dosari yake mwenyewe.

Taarifa ya majaribio, kwa mfano wa kubuni, ingesomeka hivi: “Ramani ya nafasi wazi imetiwa dosari yenye kibali, mbegu 4127. Mfumo haukuitambua. Ukarabati wa kwanza ulikamilika. Wa pili ulikuta bloku mbili zenye wamiliki wawili.” Mpokeaji anajua papo hapo la kufanya: afungue msimbo wa mkarabati. Ingeandikwa kwamba ramani imeingia dosari, angeanza kwa kung’oa diski.