Baada ya upasuaji wa goti: miezi tisa ya subira

Wengi hudhani mtu aliyepasuliwa ACL akishatoka thieta kazi imekwisha. Mimi nauza leso Biashara Street, nimepasuliwa, na nasema kazi huanza hapo.

Kano hiyo ya ndani ya goti ikikatika kabisa, aghalabu daktari haishoni. Huweka nyingine, anayoikata nyuma ya paja la mgonjwa mwenyewe au chini ya pia ya goti. Kipande hicho huingia mahali papya bila damu yake. Mwili huchukua miezi kukipelekea mishipa ya damu na kukigeuza kiwe kano, na kati ya mwezi wa pili na wa tatu huwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa. Balaa ni kwamba wakati huo goti limeshaacha kuuma na kufura, na mtu hujiona mzima.

Wiki mbili za mwanzo ni barafu, mguu juu, magongo, na kulinyoosha goti mpaka lilale sawa. Mto usiwe chini ya goti, hata kama ni raha. Uweke chini ya kisigino. Goti likizoea kubaki limekunjika kidogo, kulinyoosha baadaye ni taabu. Kaza msuli wa mbele wa paja mara kwa mara, maana husinyaa upesi. Shavu la mguu likifura na kuuma, ukipata homa, kidonda kikitoa usaha au pumzi ikibana, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumba zetu za Mji wa Kale zina ngazi za wima. Kupanda, tanguliza mguu mzima. Kushuka, tanguliza mgonjwa. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti kilichotobolewa. Swala ni kitini mpaka fizio akuruhusu, kwani kikao cha tahiyatu hukunja goti lote. Mimi niliswali kitini miezi minne.

Nje kuna mikokoteni, tuktuk na robota zilizomwagwa njiani. Nilikuwa nikifika dukani mapema kabla ya msongamano, nakalia stuli, na kazi ya kushusha robota nikamwachia kijana.

Kuhusu mpira, utafiti wa Norwe wa watu 106, uliochapishwa 2016, uliona kwamba kila mwezi mtu aliochelewa kurudi michezoni, hadi mwezi wa 9, hatari ya kuumia tena ilipungua kwa takriban nusu. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia Oktoba 2020, akacheza tena ligi Agosti 2021, na yeye ana madaktari wa kumzunguka. Tena si kuhesabu miezi tu: fizio hukurusha kwa mguu mmoja mmoja, akalinganisha. Mguu mgonjwa usipofikia asilimia 90 ya mwenzake, bado.

Mimi nina miezi saba. Jumapili wenzangu wakiingia uwanjani, nawabebea maji.