Kurejea Ndoa, Kurejea Hukumu: Talaka na Istilahi Zake katika Sheria ya Ndoa ya Tanzania

Kitenzi *kurejea* kimeingia katika lugha ya mahakama kikiwa na historia mbili. Katika fikihi ya Kiislamu, ambayo imeongoza ndoa za pwani kwa karne nyingi, talaka rejea humruhusu mume kumrudia mkewe bila ndoa mpya, maadamu eda haijaisha na talaka hazijafika tatu. Kinachorejea hapo ni ndoa. Mahakamani, kwa upande mwingine, marejeo ni ombi la kutaka hukumu iangaliwe upya. Kinachorejewa ni uamuzi, wala si unyumba. Makala hii inadai kwamba mchanganyiko wa maana hizi umeficha jambo la msingi: hukumu ya talaka hufunga suala la ndoa, lakini haifungi kila kilichotokana na ndoa.

Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969 uliandaa njia ya Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoziweka ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja Tanzania Bara. Shauri lilipaswa, kwa kawaida, kupitia kwanza Baraza la Usuluhishi, na mahakama kuridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Asiyeridhika na uamuzi alipewa siku 45 za kukata rufaa.

Hata hivyo, kifungu cha 114 kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa kutoa amri ya talaka au baada ya kuitoa. Aidha, amri ya matunzo yaweza kubadilishwa hali za wahusika zinapobadilika, au ikibainika kuwa ilitolewa kwa maelezo yasiyo ya kweli. Amri kuhusu malezi ya watoto nayo yaweza kurekebishwa.

Uzito wa kifungu hicho ulidhihirika mwaka 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipoamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali. Mrufani mwenyewe hakupata mgawo, lakini kanuni aliyoisababisha imewanufaisha wengi waliomfuata.

Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yaifanye Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, suala hili limekuwa pia la istilahi. *Marejeo* na *mapitio* hutumika kwa kubadilishana, na mwananchi huambiwa tu kuwa "kesi imekwisha." Mwanamke aliyepewa talaka bila mgawanyo wa mali akisikia hivyo, huenda akarudi nyumbani mikono mitupu, au akakata rufaa nje ya muda dhidi ya talaka asiyoipinga, ilhali alichohitaji ni maombi ya mgawanyo, mradi azingatie ukomo wa muda.

Makala inapendekeza kwamba Mahakama na vyombo vya kukuza Kiswahili vitenganishe rasmi istilahi nne: rufaa, mapitio ya hukumu, marekebisho ya amri, na maombi ya mgawanyo, na kwamba kila nakala ya hukumu ya talaka ieleze, kwa Kiswahili chepesi, lipi limefungwa na lipi lingali wazi. *Rejea* ibakie katika uwanja wake wa fikihi, ambako maana yake haina utata.